Nafasi Kati ya Moto na Pampu

Nilikata neno lile kwa makusudi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema kwamba nilikosea. Nimesema kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa, na kila mara nimeongezea kicheko kidogo cha aibu ambacho, kwa kukirudiarudia, kimekuwa kizuri kuliko kicheko changu cha kweli. Mwezi uliopita nilikicheka tena huko Nyamirambo, kwenye hitma ya Mzee Shabani. Wanawake tulikuwa tumekaa mikekani uani, sahani za pilau zinapita, na mwanamume aliyekuwa akigawa nyama, ambaye nilimjua zamani akiwa na nywele, akaanza kuwasimulia wajukuu wa marehemu jinsi babu yao alivyofungwa kwa ajili ya pikipiki ambayo haikuwahi kuwepo. “Na aliyeandika barua ndiye huyu,” akasema, akininyooshea upawa. “Leo anaandika magazetini, anatusahihisha Kiswahili chetu. Siku ile neno moja tu lilimshinda!” Vijana wakacheka, mimi nikacheka, nikasema ulikuwa ujana. Kisha nikamaliza pilau ya mtu niliyemdanganya hadi kaburini, na kwa kuwa ilikuwa pilau nzuri sana, nikaongezewa. Basi na isemwe: sikukosea. Nilijua nilichokuwa nakifanya, na nikirudishwa leo mbele ya mashine ile ile ya kupigia chapa, nitabonyeza pale pale, labda kwa nguvu zaidi.

Mwaka wenyewe ni 1992. Ukoo wangu nauacha nje ya sura hii. Una watu wengi na kila mmoja angetaka kuzungumza. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari, nangoja nafasi ya chuo kikuu, na nikingoja nilikuwa nikiwapigia watu barua kwa mashine katika kibanda kilichopakana na duka la dawa. Nilijiona msomi mkubwa. Nilivaa miwani ambayo daktari hakuniandikia. Siku nne kabla ya Idi, saa nane mchana, watu wamefunga na cherehani zote zinakimbia kumaliza nguo za sikukuu, pasi ya makaa ilipinduka katika safu ya mafundi. Vitambaa havibishani na moto. Tulipigana nao kwa mabeseni, kwa ndoo za kufulia, kwa mchanga, kwa mabirika ya udhu kutoka msikitini. Fundi Kassim alikwisha kutoka, kisha akarudi ndani kuokoa cherehani yake ya pili, na bati likashuka. Gari la kuzima moto lilipopanda mlima, sisi tulikuwa tunafagia. “Hawa wamekuja kuzima moshi,” akasema mkewe Kassim, Mama Safi, na hilo ndilo neno pekee alilolisema siku ile.

Hakukawia kupata maneno mengine. Mama Safi alikaa eda kama desturi inavyotaka, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, asionane na wanaume wasio ndugu zake. Lakini desturi haisemi kwamba mjane asisikike. Mzee Shabani, fundi wa kanzu aliyekuwa mkubwa wa mafundi wote wa safu ile, aliamua kuunda kundi la watu wa kujitolea kuzima moto, na Mama Safi akadai mikutano ifanyike sebuleni kwake. Wanaume walikaa kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, mimi, katibu wao, kwenye kigoda na daftari, na yeye nyuma ya pazia la kijani la chumbani. Alitupikia maharage na chapati tusizostahili, sahani zikitoka chini ya pazia moja moja, na maamuzi yote yalitoka njia hiyo hiyo. Mara ya kwanza nilipendekeza tujiite Kikosi cha Wazima Moto.

“Andika kikosi,” akasema Mzee Shabani, “kesho watakuja kutuuliza bunduki tumezifukia wapi.”

Alikuwa na haki. Vita vilikuwa kaskazini. Kijana mwenye filimbi alitazamwa mara mbili. Vyama vya siasa navyo vilikuwa vikizaliwa kila wiki, kila kimoja na kofia zake.

“Siku hizi kila mtu ana chama,” pazia likasema. “Sisi tuwe na Chama cha Moto. Utuandikie hivyo, wewe Sekretere, na uache kunitafunia chapati kwa kelele.”

Wanachama walikuwa mafundi kumi na tisa, mchinjaji mmoja na mimi. Kila Jumapili asubuhi tulijipanga mstari kutoka bomba la maji hadi safu ya mafundi na kupokezana ndoo. Watoto walitucheka, na walikuwa na sababu: ndoo ikitoka imejaa ilifika nusu, na nusu nyingine tulikuwa tumeivaa. Tulihitaji pampu ya injini na mipira yake. Fedha za jambo kama hilo zilikuwa komini, serikali ya eneo letu, na komini ilikuwa na burugumesitiri, yaani mkuu wake, na mbele ya mlango wa burugumesitiri alikaa karani aliyeitwa Leonidas. Mtu mwembamba huyu, mwenye sweta hata juani, alipokea barua zetu kwa ncha za vidole. Hakuzungumza Kiswahili. Mzee Shabani alipomsalimia “Habari za kazi, bwana mkubwa,” Leonidas aliinua nyusi kana kwamba kuna aliyeingia na samaki wakavu, akajibu kwa Kinyarwanda kwamba ofisi ina lugha zake. Barua ya kwanza ilirudi: ajali za moto si kazi ya komini. Ya pili ilirudi na maneno yale yale, ila safari hii niliipeleka mimi, na miwani yangu, nikamwuliza kwa Kifaransa changu cha shule komini basi inafanya kazi gani.

“Mwaka huu, mademoiselle,” akanijibu, “komini ina barabara, ina miti ya kupanda, na ina moto za masegiteri. Moto.” Akagonga penseli mezani. “Pampu, hapana. Moto, ndiyo.” Moto kwa Kifaransa, bila shaka, yaani pikipiki, na segiteri ni kata. Nilitoka nikiamini nimedharauliwa. Kwenye ngazi nilimtukana kimya kimya kwa lugha zote nilizozijua, na kwa lugha alizokuwa hazijui nilimtukana kwa sauti.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu najua msomaji wa Rwanda anafanya nini akiona mwaka wa 1992. Anahesabu hadi tisini na nne. Anamtazama kila mtu ninayemleta na kujiuliza kama alivuka. Wengi hawakuvuka. Safu ile ya mafundi, nikiwahesabu wa ndoo za Jumapili, sifiki mbali. Lakini sitakwenda huko katika sura hii, na si kwa kusahau. Mwaka ule mwingine umekula kila kitu tulichokuwa nacho, hata miaka iliyoutangulia. Mtu hawezi kukumbuka harusi ya tisini na moja bila kuulizwa bwana harusi aliishia wapi. Huu mmoja siutoi. Nauzuia mlangoni kwa miguu yote miwili. Katika mwaka huu watu wangu wanabishana juu ya mipira ya maji, wanakula chapati, wanachekana, na mwaka mwingine usubiri nje. Na yupo mmoja niliyemwahidi kwamba nitasema uongo huu daima. Nimemtafuta miaka yote, sikupata hata wa kuniambia amezikwa wapi. Nimeshika ahadi hadi mtu wa mwisho ambaye kweli ingemuumiza amezikwa. Imetosha.

Wazo lenyewe sikulizaa mimi. Nililisikia kwenye mushikaki. Kulikuwa na baa karibu na kibanda changu, nyuma yake vyumba viwili vya kulia vilivyotenganishwa na mbao ambazo hazikufika juu, na siku moja ya Julai, nikila mushikaki na ndizi za kuchoma na kujifanya ninasoma, nikasikia upande wa pili sauti ya konseye wetu, kiongozi wa segiteri. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha Kigali kisicho na breki.

“Moto yangu iko karibu kufika,” alikuwa anamwambia mwenzake. “Segiteri yangu iko na milima, mimi nachoka! Tayari nimenunua kofia yake ngumu. Bibi anasema nalala nayo.”

“Na moto yenyewe nani anaitoa?”

“Komini. Lakini lazima raia waandike, waombe wao. Mimi nasinya tu, saini moja basi. Raia hawa wavivu hawaandiki.”

Kiswahili cha Kigali, kwa wasiokijua, kimewaokoa watu wengi kutoka mikononi mwa sarufi. Kila kitu “iko”. Mtoto iko, nyumba iko, Mungu iko. Kwingineko moto unaounguza unawaka na moto ya magurudumu inawaka, na kiambishi kimoja kinakuambia kama ukimbie au upande. Kwetu vyote viwili iko. Nilikaa pale na mushikaki umepoa mkononi. Pampu ya injini kwa Kifaransa ni motopompe, neno moja, halina pumzi katikati. Nilirudi kibandani, nikaweka karatasi, nikaandika kwa Kifaransa kwamba Chama cha Moto cha Nyamirambo, kwa manufaa ya segiteri nzima yenye milima, kinaomba kifaa kimoja. Nikaandika moto. Nikabonyeza kile kitufe kirefu cha chini ambacho hakiandiki chochote. Nikaandika pompe. Sasa karatasi ilisema pikipiki, halafu pampu, na mwenye haraka angeelewa: pikipiki pamoja na kipampu chake cha kujazia upepo. Duka la mashine mjini, ambalo lingepokea hati ya komini, lingeelewa lilivyozoea kuelewa: pampu ya injini. Sikumwambia Mzee Shabani. Sikuliambia hata pazia. Konseye alisaini amesimama, akiwa na furaha ya kuoa, hakusoma zaidi ya neno la kwanza, na akanipa Fanta.

Mwezi wa tisa komini ikakubali. Leonidas alimkabidhi Mzee Shabani bono, yaani hati ya kuchukulia bidhaa, na Mzee akashuka mjini na mkokoteni na watu sita. Walirudi jasho likiwatoka, katikati yao mashine nyekundu ya injini, na mipira imezungushwa kama mkia. Mama Safi alikuwa amekwisha kutoka eda. Nilikuwa nimezoea kumjua kama kitambaa cha kijani, na sasa nikamwona: mfupi, mwenye mikono ya fundi, khanga ameifunga kiunoni. Jumapili ile ya kwanza wanaume walipokuwa bado wanabishana nani ashike bomba la mbele, yeye alikuwa amekwisha kulishika. Injini ikakohoa, ikashika, maji yakaruka juu ya mabati ya safu nzima na kuanguka upande wa pili kwa watu wasiohusika. Mzee Shabani alivua kofia yake ya kiua, akaikamua. Kisha Mama Safi akayaelekeza maji pale bati la Kassim lilipokuwa, penye majivu ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa, akayasukuma yote mtaroni. Hakulia. Alisema, “Haya. Sasa uje tena, mshenzi wewe,” na alikuwa anazungumza na moto.

Konseye alifika Jumatatu, amebeba kofia yake ngumu kwapani.

“Moto yangu iko wapi?”

“Moto tumeshauzima, bwana Konseye,” akasema Mzee Shabani, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

“Usinichezee, Mzee. Moto! Moto ya komini! Nimesinya!”

“Kama ulisaini, basi ni hiyo,” Mama Safi akamwonyesha pampu. “Panda. Ina injini. Tukusukume?”

Mafundi wote walicheka, kumi na wanane waliobaki kazini siku hiyo, na nadhani ni kicheko kile, si pikipiki, kilichomwuma. Kabla ya adhuhuri polisi wa komini walimchukua Mzee Shabani, maana saini iliyokuwa kwenye bono ya kupokelea ilikuwa yake. Shtaka lilikuwa kwamba amebadilisha mali ya serikali dukani. Pampu nayo ingechukuliwa Ijumaa. Mafundi waliizungukia usiku na mchana kwa zamu, Mama Safi akaifunga mnyororo kwenye nguzo ya duka lake dogo jirani na safu na kuuning'iniza ufunguo shingoni. “Wakitaka pampu wanichukue na mimi,” alisema, “na nguzo, na duka.” Walinigeukia mimi: Sekretere, ulikuwa umeandika nini hasa? Nikatoa ile nakala, nikaitazama kama anavyotazamwa nyoka, nikasema, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba nilikosea. Nafasi imeingia bahati mbaya. Mashine ni nzee.

Kasho, yaani mahabusu ya komini, ilikuwa na dirisha dogo lenye nondo, na nilikuwa nikimpelekea Mzee Shabani chai ya maziwa ndani ya chupa na maandazi ya Mama Safi. Siku ya pili alikuwa amekwisha kupata urafiki na walinzi, anawashonea vifungo. Siku ya tatu alikuwa anakohoa. Alinishika vidole kupitia nondo. “Binti yangu, usijilaumu,” akaniambia. “Kifaransa hakikukuzaa. Mtu akikosea lugha ya watu hafungwi. Mimi wananifunga kwa sababu nyingine, ni uzee wangu tu.” Laiti angenitukana. Nimesamehewa makosa mengi niliyoyafanya na hayakuniuma. Hili la kusamehewa kosa ambalo sikulifanya, badala ya lile nililolifanya, bado linanikaa kooni kama mfupa. Usiku ule niliandika barua nyingine, ya Kifaransa safi, nafasi zote mahali pake: mimi ndiye, nilifanya makusudi, mzee hajui lolote, mwacheni atoke na nifungwe mimi, lakini pampu ni ya watu na ibaki. Alhamisi asubuhi niliivaa miwani yangu, nikaenda nayo komini. Nilitaka kuiweka mkononi mwa burugumesitiri mwenyewe.

Leonidas alikuwa kwenye meza yake na sweta lake. Alinyoosha mkono, akaisoma barua yote hadi chini, akaikunja mara nne, akanirudishia. “Burugumesitiri yuko mkutanoni,” alisema kwa Kifaransa. “Una simu karibu na unapofanya kazi?” Nikamwambia ipo kwenye duka la dawa, nikampa namba. “Kakae karibu nayo. Na hii usimpe mtu.” Nilitembea kurudi nikijua kwamba wanakuja kunichukua na kwamba wanataka kunikuta nimekaa. Mwenye duka la dawa alinipa kiti kati ya mzani na sanduku la pamba. Nilikaa kwa saa tatu nzima. Nilisoma maelezo ya dawa za minyoo hadi nikayajua kwa moyo. Ilipolia, mwenye duka aliipokea, akanitazama juu ya kipokezi, akanipa.

“Dada, hujambo,” ikasema sauti ya mwanamume. “Barua yako umeichoma?”

Nikasema bado. Nilikuwa namtambua na simtambui.

“Ichome. Kwa uangalifu, ingawa nasikia mna pampu. Sikiliza, sina muda. Moto uliomuua yule fundi hauzimwi na msichana kulala kasho. Ulikuwa moto mmoja, na ukiwaka mwingine utawakuta bila kitu. Unanielewa?”

Uliomuua. Hauzimwi. Ukiwaka. Kila kiambishi kilikuwa kimekaa kitini kwake. Kigali nzima sikuwa nimesikia karani akizungumza hivyo, na mtu huyu alikuwa ameinua nyusi kwa habari za kazi.

“Kumbe unajua Kiswahili, Bwana Leonidas.”

“Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Pale hata mbuzi wanakijua. Ofisini sikijui, na nakuomba ubaki usinijue hivyo. Ulidhani wewe ndiye uliyewapata? Nafasi peke yake haitoshi, dada. Kwenye jalada la burugumesitiri niliongeza mkato baada ya neno moto, ili asome vitu viwili. Kwenye bono ya duka nikayaunganisha. Hilo ndilo nililokudokezea siku ile nilipogonga meza kwa penseli. Nilidhani hutaelewa kamwe, una kiburi sana.”

Mwenye duka la dawa alikuwa anapanga chupa zilizokwisha pangwa. Niligeukia ukuta.

“Mzee?” nikauliza.

“Anatoka leo saa kumi. Nimemwonyesha burugumesitiri saini ya konseye chini ya ombi lenu. Hataki mjini wajue kwamba kiongozi wake anasaini asichokisoma, kwa sababu na yeye alisaini asichokisoma. Pampu inabaki kwenu, nimekwisha kuiandika. Lakini sharti ni moja. Ukiulizwa leo, ukiulizwa mwakani, ukiulizwa na Mzee mwenyewe: ulikosea. Na mimi nilikosea. Wajinga wawili hawafungwi, dada. Wajanja wawili tutafungwa, na pampu itarudi. Hebu sema.”

“Nilikosea.”

“Hapana, hivyo huaminiki. Wewe ni mtu wa miwani. Ona aibu kidogo.”

Nilivuta pumzi. Nikacheka kicheko kidogo, cha kijinga, kilichowafanya wateja wawili kugeuka, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: “Wallahi, bwana, nilikosea tu!”

“Hicho hicho,” akasema Leonidas. “Kishike.” Na akakata simu.